Bawa Lililolala Kifudifudi

Hakuwa na darubini. Hakuwa na cheti chochote zaidi ya kile cha elimu ya watu wazima, alichokitundika ukutani juu ya meza ya chakula. Hakuwa na kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kwa kuwa mgodi ulikichukua mwaka wa tatu wa kazi. Hakuwa na Kilatini, wala mkubwa yeyote wa kumpigia simu, wala meno ya kutosha kuyatamka majina ya wadudu wa kale bila kurusha mate. Na hakuwa na nusu ya pili ya jiwe lake, ingawa kwa miaka thelathini na minne alilisimulia jiwe hilo kana kwamba nusu hiyo haijawahi kuwepo duniani.

Alichokuwa nacho ni nusu ya kwanza, wiki tatu za muda, na kichwa kigumu.

Watu walimwita Mlango. Katika mgodi wa makaa ya mawe alikofanya kazi, yeye ndiye aliyetunza milango ya hewa. Mgodi una feni moja kubwa huko juu, na chini una njia nyingi kama mizizi ya mti. Pasipo milango ya mbao ya kuziba hapa na kuachia pale, hewa hukata njia ya mkato na kurudi juu, na wachimbaji walio mwisho wa njia hubaki wakihema kama samaki kwenye ndoo. Kazi ya Mlango ilikuwa kuhakikisha hewa inafika. Aliifanya miaka ishirini na tisa, na hata baada ya kustaafu hakuweza kuingia katika chumba cha mtu bila kutazama kwanza ni dirisha lipi limefunguliwa.

Jiwe lenyewe lilitoka kwenye dari ya mgodi huo. Lilikuwa bamba jeusi, refu kidogo kuliko mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na juu yake palikuwa na alama ya kitu chembamba chenye mishipa mingi. Siku lilipopatikana lilipasuka kama kitabu kinavyofunguliwa, kurasa mbili zenye picha ileile, moja imetokeza na nyingine imebonyea. Ukurasa mmoja ulikwenda nyumbani kwa Mlango, ukawa wa kuzuia mlango wa jikoni usijibamize.

Alipofika miaka sitini na mitatu alijiandikisha katika darasa la jioni, na mwaka wa pili mwalimu wa sayansi akafungua ukurasa wenye mchoro wa mdudu. Alikuwa jamaa wa kale wa kereng'ende, aliyeruka juu ya vinamasi miaka milioni mia tatu iliyopita, na mabawa yake yalipokunjuliwa yalifika kama sentimita sabini kutoka ncha hadi ncha. Mlango alitazama mchoro ule mpaka wenzake wakatoka. Kisha akaenda nyumbani, akainama jikoni, akaliondoa jiwe chini ya mlango. Tangu hapo mlango wa jikoni ulijibamiza, na mkewe akazoea.

Alisoma kila kitabu cha maktaba ya mji kilichogusa habari ile. Alisoma miaka sita, mpaka akaona yuko tayari, ndipo akalifunga jiwe katika taulo na kulipeleka makumbusho.

Mtaalamu aliyempokea alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Aliliweka jiwe chini ya taa ya dari, akaliangalia dakika kumi nzima.

"Mzee wangu, ni zuri sana," alisema. "Ni jani."

"Ni bawa."

"Majani ya zama zile yanafanana mno na mabawa. Hata sisi tuliosomea yanatuchanganya. Sikiliza. Jani lina kikonyo. Bawa lina ungio, pale mishipa inapokusanyika kushikana na mwili. Jiwe lako limevunjika pembe hiyohiyo. Bila hiyo pembe siwezi kuandika bawa."

"Na ukiandika jani?"

"Kabati la maonyesho la mawe ya mgodi linafunguliwa mwezi ujao, na jiwe lako lina nafasi humo. Maandishi yanakwenda kwa mpiga chapa baada ya wiki tatu. Ukipata ushahidi mwingine kabla ya hapo, niandikie, nitausoma mimi mwenyewe. Lakini karatasi ikishabandikwa kwenye kioo, mzee, hukaa miaka."

Mlango alilifunga jiwe lake tena katika taulo. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alijua hesabu ya miaka ambayo karatasi hukaa kwenye kioo, na alijua hesabu yake mwenyewe.

Nyumbani mkewe alimsoma uso kabla hajavua viatu.

"Karibu, baba jani."

"Usinianze, mama watoto."

"Nani kakuanza? Nakukaribisha. Chakula kipo, na jani lako lipo, tule vyote viwili."

Kesho yake mchana, baada ya kula, alifunga madirisha yote ya sebuleni, jambo ambalo mkewe hakuwahi kumwona akilifanya katika ndoa yao yote. Akateremsha pazia. Akatoa kabatini taa yake ya zamani ya kofia, akaifuta vumbi, akaiwasha.

Dari ya mgodi haisomwi kwa taa ya usoni. Ukiimulika moja kwa moja, yote huonekana sawa na salama, na ndivyo wageni wengi walivyoumia. Mchimbaji huishika taa ubavuni, karibu kabisa na mwamba, mwanga ukapita ukiambaa, na kila ufa ukatupa kivuli chake. Mlango aliilaza taa mezani pembeni mwa jiwe, akapiga magoti macho yake yakalingana na meza.

"Njoo hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Lete kidole chako. Changu hakipo."

Mkewe akapiga magoti kwa kuguna, akapitisha kidole juu ya jiwe kwa upana.

"Unasikia nini?"

"Mgongo. Bonde. Mgongo. Bonde." Akarudisha kidole. "Mume wangu, hili ni bati la paa."

"Umesema! Jani, mishipa yake yote hutokeza upande mmoja. Bawa la mdudu huyu ni jembamba kuliko karatasi, lingepinda kwa upepo wa kwanza, ndiyo maana limekunjwa kama bati, mshipa mmoja juu, mwingine chini. Yule mama aliliangalia chini ya taa ya dari. Hakuona mikunjo kwa sababu haikuwa na kivuli."

"Basi mwandikie."

"Atasema mikunjo peke yake haitoshi. Anataka ungio."

"Na ungio liko wapi?"

Mlango akazima taa, akaanza kufungua madirisha, moja baada ya jingine, polepole kuliko ilivyohitajika.

"Liko kwa Redio," mkewe alisema nyuma yake.

"Nani kasema?"

"Mimi. Nilikuwa nimesimama kizingitini siku mliyorudi, kila mmoja kabeba nusu yake kama mtoto. Au na mimi umenifuta kwenye hadithi?"

Redio alikuwa mchimbaji wa mbele kabisa, mtu wa nyundo, na alipewa jina hilo kwa sababu alianza kusema lifti ikishuka na kunyamaza ikipanda. Yeye na Mlango walikula sahani moja miaka mingi. Kisha, kwenye sherehe ya kumuaga Mlango kazini, Mlango alisimama akasimulia mbele ya watu wote alivyoligundua jiwe, yeye peke yake, na kwamba lilikuwa moja tu. Redio aliweka kikombe chake chini, akatoka. Miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na nyumba zao zilitengana kwa mwendo wa nusu saa.

Mlango alikawia siku nne. Siku ya tano alivaa shati safi.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mlango."

"Mlango ninao mmoja tu, na haujawahi kunipigia hodi."

"Fungua, bwana. Jua kali."

Redio alifungua. Alikuwa amepungua, ila sauti ilikuwa ileile. Alimtazama mgeni wake toka viatu hadi kola, akamwonyesha kiti.

"Umevaa shati la kuombea," alisema. "Unaomba nini?"

"Jiwe."

"Jiwe gani? Si ulisema liko moja tu, nawe ndiye uliyeliokota? Watu mia moja walisikia. Walikupigia makofi."

Mlango alimweleza habari za makumbusho, kabati, mpiga chapa na wiki tatu, ambazo sasa zilikuwa mbili na kitu. Redio alisikiliza bila kumkatiza, na hilo lilimtisha Mlango kuliko matusi.

"Jiwe ninalo," Redio alisema mwishoni. "Nitakupa. Lakini kwanza nisimulie lilivyopatikana. Hapa hapa, tuko wawili, hakuna wa kupiga makofi."

"Nilikuwa nakagua dari ya njia ya saba..."

"Ulikuwa unapaka grisi bawaba za mlango wa tatu, hatua mia mbili kutoka pale. Anza tena."

"Tulikuwa tunakagua dari..."

"Tulikuwa! Wewe na nani? Anza tena, bwana, mimi sina safari."

Mlango alitazama dirisha. Lilikuwa wazi, na hewa ilipita vizuri, kwa hiyo hakuwa na la kurekebisha. Alipoanza mara ya tatu alisema taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

"Ulikuwa unaigonga dari kwa nyundo. Ukasikia inalia kama debe tupu. Ukaliangusha lile bamba kwa makusudi kabla halijamwangukia mtu, nalo likapasuka miguuni pako. Ukaniita. Nikaja."

"Nikasema nini?"

"Redio..."

"Nikasema nini?"

"Ukasema, 'Mlango, njoo uone, huyu alikuwa anaruka.'"

"Na wewe ukasema nini?"

Nje mtu alikuwa akifagia.

"Nikasema ni jani," Mlango alisema. "Nikakucheka. Nikakuambia makaa yamekuingia machoni."

Redio aliinuka. Alichukua mtaimbo uliokuwa umeegemea ukuta, akatangulia uani.

Nusu ya pili ya jiwe ilikuwa kizingiti cha bafu. Mgongo wake, uliokuwa juu, umesuguliwa na miguu ya miaka yote hiyo ukawa laini kama sabuni. Mlango alipouona alishika kichwa.

"Umelikanyaga! Watu wameoga juu yake!"

"Tulia. Uso uko chini, umelala kwenye mchanga. Marehemu mke wangu alikataa. Alisema hawezi kukanyaga mdudu kila asubuhi, hata kama amekufa. Kwa hiyo nikamlaza kifudifudi." Akaingiza mtaimbo. "Yeye aliniamini siku ileile. Shika upande huo. Na ukiangusha nitakuua."

Waliliinua wazee wawili, mmoja na vidole tisa na mwingine na goti bovu, wakalaani na kuelekezana kama zamani, wakaligeuza juu ya gunia. Redio akalimwagia maji kwa kikombe, Mlango akaondoa mchanga kwa mswaki wa meno. Kwanza ikatoka mikunjo, ile Mlango aliyokwisha kuijua. Kisha, katika ile pembe iliyokosekana kwenye nusu ya kwanza, mishipa ikaanza kusogeleana. Ikawa minene. Ikakusanyika yote mahali pamoja, ikawa fundo gumu pana kama kucha ya dole gumba. Hapakuwa na kikonyo.

Mlango aliacha kupiga mswaki. Redio akaweka kikombe chini, akapitisha kidole juu ya fundo lile.

Walipokwisha kukaa kivulini, Redio akauliza, "Sasa wewe msomi, nieleze. Kereng'ende wa leo ni wa kidole. Huyu kitu gani kilimfanya awe mkubwa hivi?"

Hilo Mlango alikuwa amelisubiri kwa miaka. Alijiweka sawa kitini.

"Hewa. Mdudu hana mapafu. Ana vitundu ubavuni, na mirija inayopeleka hewa ndani kila mahali. Huo ni mgodi, Redio. Ni mgodi wenye miguu sita. Wewe ulikuwa mwisho wa njia, unajua hewa ilivyokufikia."

"Imechoka."

"Imechoka. Mdudu akikua, mirija inarefuka, na mwisho wa mirija hewa inafika haina kitu. Kwa hiyo wa leo hawakui. Lakini hewa ya zama zile ilikuwa na oksijeni nyingi. Leo ni sehemu ishirini na moja katika mia, wakati ule wanasema labda thelathini. Hata mwisho wa njia ilifika ikiwa bado na nguvu. Na unajua kwa nini ilikuwa nyingi? Kwa sababu ya makaa yetu. Ile misitu ilifukiwa matopeni bila kuoza. Kaboni yake ikabaki chini, oksijeni yake ikabaki juu. Tulichokuwa tukichimba mimi na wewe ni upande wa pili wa hewa aliyoivuta huyu."

Redio alilitazama jiwe kwa heshima mpya. Kisha akakuna kidevu.

"Haitoshi."

"Haitoshi vipi?"

"Nilipoumia goti walinipeleka juu, nikakaa mwezi mzima karibu na feni. Hewa tele. Sikurefuka hata nukta."

"Wewe una mapafu, mpumbavu wewe."

"Sawa, niache mimi. Wewe ulikuwa na milango ya kufungua. Ukifungua mlango, hewa inaingia, lakini mtu halazimiki kupita. Hewa ilimruhusu kukua. Haikumlazimisha. Panzi wa pale juu walikuwa wakijaribu kunenepa, kunguru anawawahi." Akacheka kwa mtindo wake wa zamani, mabega yakipanda. "Pengine huyu hakuwa na kunguru."

Mlango akaacha kulitazama jiwe, akakumbuka kitu. Kulikuwa na sura katika kitabu kimoja kikubwa cha maktaba aliyoiruka mara mbili, kwa sababu ilianza kwa kubishana na maelezo aliyoyapenda.

Aliisoma asubuhi iliyofuata, amekaa wima kwenye kiti cha maktaba. Ilikuwa pale. Katika zama za mdudu yule hapakuwa na ndege angani, wala mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo aliyeweza kuruka. Na baadaye sana, ndege walipokuja, wadudu wakubwa walipungua hata katika nyakati ambazo hewa ingewaruhusu kuwa wakubwa. Wengine waliandika habari ya watoto wa mdudu, walioishi majini na kuvuta hewa kwa ngozi, ambao pengine walikua sana kwa kuwa oksijeni ikizidi ni sumu, na mwili mkubwa huipokea polepole. Wataalamu walikuwa bado wanavutana. Mlango alinakili yote kwa mwandiko wake wa kuegemea kushoto, pamoja na yale yasiyompendeza.

Barua aliiandika mara nne. Ya kwanza ilianza, "Mimi niliyeligundua jiwe hili." Mkewe aliisoma mpaka mwisho, akailaza mezani kifudifudi, akaenda kuangalia maji jikoni. Mlango wa jikoni ukajibamiza. Ya pili ilisema "tuliligundua" na kuacha hapo. Hiyo aliichana mwenyewe kabla hajamwonyesha mtu. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila alikuwa ameandika kwamba oksijeni ndiyo sababu, nukta. Ya nne aliiandika meza ikiwa tupu, mikono imeoshwa.

"Bibi Mtaalamu," ilisema. "Uliniomba ungio, nalo limo katika michoro miwili niliyoipata kwa kuweka karatasi juu ya jiwe na kusugua penseli. Nusu ya pili ilihifadhiwa na mwenzangu, mchimbaji wa mbele. Yeye ndiye aliyeliangusha jiwe kwa nyundo yake, naye ndiye aliyesema siku ileile kwamba kiumbe huyu aliruka. Mimi nilisema ni jani, kama ulivyosema wewe, na nilikosea kabla yako kwa miaka thelathini na minne. Nakuomba uzime taa ya dari, uweke taa ndogo ubavuni mwa jiwe, sawa na usawa wa meza, uangalie vivuli. Ukiandika kwa nini alikuwa mkubwa, tafadhali usiandike hewa peke yake. Hewa ilifungua mlango. Nani au nini hakikuwepo kumzuia kupita, hilo bado linabishaniwa, na mwenzangu ana maoni yake kuhusu kunguru. Mawe yote mawili tutayaleta wenyewe, tukiwa pamoja, siku utakayotaja."

Redio alikuja kutia sahihi, na sahihi yake ilichukua nusu ya nafasi iliyobaki. Alisoma barua yote kwa sauti, akarudia mahali palipomhusu mara mbili, akiinamisha kichwa kama anayesikiliza wimbo. Kisha akasema mwandiko wenyewe umepinda kama nguzo za njia ya saba, wakatoka.

Posta ilikuwa na watu wachache. Zilikuwa zimebaki siku sita.

"Ya kawaida au ya rejista?" karani aliuliza.

"Ya rejista."

Mlango alikunja karatasi mara tatu, michoro ikiwa ndani, akaitia kwenye bahasha. Akalamba ukingo, akabana kwa kiganja. Haukushika. Akalamba tena.

"Una mate ya kusemea tu, huna ya kazi," Redio alimwambia.

"Na wewe?"

"Mimi yamekwisha kwa kukusamehe."

Karani akawasukumia chupa ya gundi. Mlango akapaka ukingo wote, kona hadi kona, akaukunja, akaupitishia upande wa mkono mara tatu kama alivyokuwa akiziba nyufa za milango kwa udongo, mpaka akawa na hakika kwamba hakuna pumzi ya hewa itakayopita.

"Na wakiandika jani?" Redio aliuliza.

"Tutaandika tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waandike bawa."

Akaipitisha chini ya kioo. Karani akaipiga mhuri, akageuka, akaitupia kwenye mfuko wa barua za siku hiyo.